Kusoma na Kuzinduka: Mwalimu Anthony Benezet na Jumuiya ya Marafiki

Utangulizi

Hapa Uganda neno "msomaji" lina historia yake. Wakristo wa kwanza wa Buganda waliitwa abasomi, yaani wasomaji, na kusoma kulikuwa ndiko kuingia dini. Alexander Mackay alipowasili Buganda mwaka 1878, vitabu vya mwanzo vilivyotumika kufundishia vilikuwa vya Kiswahili, kwa kuwa tafsiri za Kiluganda zilikuwa bado hazijapatikana. Kwa hiyo sisi tunaofundisha na kujifunza Kiswahili katika nchi hii tuna sehemu yetu katika historia ya usomaji wa Wakristo, hata kama mara nyingi hatuikumbuki.

Nililieleza jambo hilo darasani, na mwanafunzi mmoja akanyosha mkono. Akasema: "Mwalimu, wale Wazungu waliowauza na kuwanunua babu zetu nao walikuwa wanasoma Biblia kila Jumapili. Sasa kusoma huko kuliwasaidia nini?" Darasa zima lilinitazama. Nilijibu kwa maneno mawili matatu, kengele ikaniokoa. Lakini swali lile sikuliacha darasani. Makala haya ni jaribio la kulijibu kwa kutumia mfano mmoja wa kihistoria: jumuiya ya Kikristo ya Marafiki, ambao pia huitwa Wakwekeri, katika jimbo la Pennsylvania na maeneo jirani huko Marekani, katika karne ya 17 na ya 18. Nimeuchagua mfano huu kwa sababu unaonyesha mambo yote mawili: jinsi watu wanavyoweza kusoma miaka mingi bila kuona, na jinsi wanavyoweza hatimaye kuona kwa sababu ya kusoma. Aidha, mhusika wake mkuu alikuwa mwalimu wa lugha kama sisi.

Waraka uliowekwa kando

Marafiki walianza Uingereza katikati ya karne ya 17. Walifundisha kwamba nuru ya Mungu imo ndani ya kila mtu, na walikataa vita. Kwa ajili ya imani hiyo wengi wao walifungwa na kupigwa. Walipohamia Pennsylvania, koloni lililoanzishwa na mwenzao William Penn, walitegemewa kuwa tofauti na wakoloni wengine. Hata hivyo wengi wao walinunua watumwa Waafrika, na Penn mwenyewe alikuwa nao.

Mwaka 1688 watu wanne wa kijiji cha Germantown, karibu na Philadelphia, waliandika waraka wa kupinga jambo hilo. Walikuwa wahamiaji kutoka nchi za Wadachi na Wajerumani. Kiingereza hakikuwa lugha yao ya kwanza, na maandishi yao yanaonyesha hivyo: sarufi inayumba na tahajia inapotea njia. Lakini hoja yao haiyumbi hata kidogo. Walirejea amri ya kumtendea mwenzako kama unavyotaka kutendewa wewe, wakauliza iwapo amri hiyo ina kipengele kinachobagua rangi ya ngozi. Waliuliza pia kama watumwa hawana haki ya kupigania uhuru wao sawa na mabwana wanavyojiona wana haki ya kuwashikilia.

Waraka huo ulipelekwa kwenye mkutano wa mwezi. Mkutano wa mwezi ukaona ni jambo zito mno, ukaupeleka kwenye mkutano wa robo mwaka, nao ukaupeleka kwenye mkutano wa mwaka. Huko ukawekwa kando. Haukupatikana tena mpaka mwaka 1844. Kisha ukapotea kwa mara nyingine, ukaonekana tena mwaka 2005 katika chumba cha hazina cha jengo la mikutano la Marafiki mjini Philadelphia.

Hapa tuna jibu la kwanza kwa mwanafunzi wangu, na si jibu la kufurahisha. Wakuu wa mkutano walijua kusoma, na waraka ulikuwa mbele yao. Kilichokosekana ni utayari wa kuyakubali yaliyosomwa.

Kitabu chenye maji mekundu

Miaka hamsini baadaye alitokea mtu aliyekataa kuwekwa kando. Benjamin Lay alikuwa mtu mfupi sana, mwenye kibiongo. Alikuwa amekaa kisiwani Barbados na kuyaona mateso ya watumwa kwa macho yake. Mwaka 1738 aliingia katika mkutano wa Marafiki mjini Burlington, New Jersey, akiwa amevaa joho juu ya mavazi ya kijeshi. Mkononi alishika kitabu kilichofanana na Biblia, kumbe ndani alikuwa amekitoboa na kuficha kibofu kilichojaa maji mekundu ya matunda ya mwituni. Baada ya kuwakemea wenye watumwa alichomoa upanga akakichoma kitabu, na maji yale yakawarukia waliokuwa karibu kama damu. Walimtoa nje.

Lay aliandika pia kitabu halisi, kilichochapishwa na Benjamin Franklin, ambaye hakuweka jina lake kama mchapaji. Marafiki walikuwa na waangalizi wa uchapishaji, na hakuna mwanachama aliyeruhusiwa kutoa maandishi ya dini bila idhini yao. Lay hakuiomba. Alitengwa na jumuiya, na kwa miaka mingi alichukuliwa kama kichaa.

Mshonaji aliyeombwa kuandika hati

John Woolman, mshonaji na mwenye duka wa Mount Holly, New Jersey, alikuwa mtu wa tabia nyingine kabisa. Akiwa bado kijana karani wa duka, katika mwaka 1742 hivi, mwajiri wake alimtaka aandike hati ya mauzo. Bidhaa iliyouzwa ilikuwa ni mwanamke. Mnunuzi alikuwa mzee Rafiki, na alikuwa amekwisha kuketi akingoja. Woolman aliiandika hati, lakini moyo wake ulisumbuka, akawaambia wote wawili kwamba anaona kumiliki watumwa ni jambo lisilopatana na dini ya Kikristo. Baada ya hapo hakuandika tena hati ya namna hiyo, wala wosia wa kurithisha watu.

Naomba wanafunzi wa lugha walitafakari tukio hilo. Woolman hakumpiga mtu wala hakumfunga mtu mnyororo. Aliandika sentensi chache kwa mwandiko mzuri, na kwa sentensi hizo binadamu akahama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Kalamu nayo ilikuwa chombo cha utumwa.

Mwaka 1746 Woolman alisafiri katika makoloni ya kusini, akaandika aliyoyaona na kuyatafakari. Aliuhifadhi mswada wake kwa miaka kadhaa, kisha akaupitisha kwa waangalizi wa uchapishaji. Mwaka 1754 waliukubali, ukachapishwa na kusambazwa miongoni mwa Marafiki wenyewe. Mwaka huohuo mkutano wa mwaka wa Philadelphia ulitoa waraka rasmi wa kuwaonya wanachama dhidi ya kununua watumwa.

Mwalimu wa lugha

Sasa tumfikie mwalimu mwenzetu. Anthony Benezet alizaliwa mwaka 1713 mjini Saint-Quentin, Ufaransa, katika familia ya Waprotestanti walioteswa kwa imani yao. Wazazi wake walikimbilia London, na mwaka 1731 wakahamia Philadelphia. Baada ya kujaribu biashara bila mafanikio aliingia ualimu. Alifundisha katika shule ya Kiingereza ya Marafiki, na baadaye akaanzisha shule ya wasichana. Aliandika vitabu vya kufundishia tahajia na sarufi, kwa kuwa hakupenda vile vilivyowachosha watoto bure.

Mwaka 1750 alianza kuwafundisha watoto Waafrika nyumbani kwake nyakati za jioni, baada ya kazi ya mchana. Alifanya hivyo kwa karibu miaka ishirini, mpaka Marafiki walipofungua shule kwa ajili yao mwaka 1770. Wakati huo wasomi wakubwa wa Ulaya walikuwa wakiandika kwamba Mwafrika hana akili ya kutosha. Benezet alikuwa na ushahidi ambao wasomi hao hawakuwa nao: madaftari ya wanafunzi wake. Alitangaza wazi kwamba amekuta miongoni mwa watoto Weusi vipaji vya aina zote, sawasawa na miongoni mwa Weupe.

Hakuishia hapo. Aliona kwamba Marafiki wengi walikubali utumwa kwa sababu walikuwa wamesomeshwa uwongo kuhusu Afrika: kwamba ni nchi ya njaa na ushenzi, na kwamba kumtoa mtu huko ni kumwokoa. Benezet hakuwahi kufika Afrika. Alichofanya ni kuvisoma vitabu vya waliofika, na wengi wa hao walikuwa mawakala wa biashara ileile: Mholanzi Bosman, Mfaransa Barbot, Mwingereza Moore wa Gambia, na nahodha wa meli za watumwa Snelgrave. Alimsoma pia Adanson, mtaalamu wa mimea aliyeishi Senegal. Katika vitabu vyao aliokota sehemu zinazoeleza mashamba, masoko, mahakama, ukarimu na ufundi wa watu wa Guinea, pamoja na sehemu ambazo wafanyabiashara walikiri jinsi vita vilivyochochewa ili kupata mateka. Akazipanga pamoja, akaonyesha chanzo cha kila moja. Ulikuwa ni ushahidi uliotoka katika vinywa vya wenye hatia wenyewe. Vitabu vyake vilitoka mwaka 1759, 1762, 1766, na kile maarufu zaidi, historia ya Guinea, mwaka 1771.

Wanafunzi wa uhakiki wataona kwamba hii ni mbinu ya kusoma. Benezet hakuwa na maktaba tofauti na ya wapinzani wake. Alisoma vitabu vilevile kwa swali jingine.

Kutoka kurasa hadi nyumbani kwa watu

Je, jumuiya ilibadilika? Ilibadilika, lakini si kwa kusoma tu. Mwaka 1758 mkutano wa mwaka wa Philadelphia uliamua kwamba mwanachama atakayenunua au kuuza mtumwa asishiriki katika kuendesha shughuli za kanisa. Vilevile uliteua kamati, Woolman akiwamo, ya kuwatembelea wenye watumwa nyumba kwa nyumba. Wanakamati waliketi mezani pa watu, mbele ya watumwa waliokuwa wakiwahudumia, wakazungumza nao juu ya jambo hilo. Benjamin Lay, aliyekuwa mzee na mgonjwa, alipata habari za uamuzi huo kabla ya kufa mwezi wa Februari 1759. Mwaka 1776 mkutano uliamua kwamba asiyetaka kuwaachia huru watumwa wake atatengwa. Tangu waraka wa Germantown ilikuwa imepita miaka 88.

Linganisha na habari ya Patrick Henry, mwanasiasa wa Virginia ambaye jina lake limehusishwa mno na neno uhuru. Rafiki mmoja, Robert Pleasants, alimpelekea kitabu cha Benezet. Mwezi wa Januari 1773 Henry alijibu kwa barua ya kushukuru. Alikiri kwamba utumwa ni kinyume cha dini na utu, akakiri pia kwamba yeye mwenyewe ana watumwa kwa sababu kuishi bila wao ni usumbufu, na kwamba hawezi kujitetea. Aliendelea kuwa nao hadi kufa kwake mwaka 1799. Henry alikisoma kitabu, akakielewa, akakisifu, akakirudisha rafuni. Hakuwa na kamati ya kumgongea mlango.

Kitabu chavuka bahari

Benezet aligawa vitabu vyake bure, akaviandamanisha na barua. Huko London, Granville Sharp alikiona kimojawapo kwenye meza ya muuza vitabu mwaka 1767. Baadaye akawa mtetezi mkuu wa Waafrika katika kesi ya James Somerset, iliyoamuliwa mwaka 1772. Mwezi wa Februari mwaka huohuo John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, alisoma kitabu cha Benezet. Miaka miwili baadaye alitoa kijitabu chake mwenyewe dhidi ya utumwa, na sehemu kubwa aliichota kwa Benezet.

Mwaka 1785 Chuo Kikuu cha Cambridge kilitoa shindano la insha kwa Kilatini: je, ni halali kuwatia watu utumwani bila hiari yao? Kijana Thomas Clarkson aliingia ili kutafuta tuzo tu. Aliliona tangazo la kitabu cha Benezet gazetini, akaenda London kukinunua, akakisoma. Alishinda tuzo, lakini amani ilimtoka. Siku moja akiwa njiani alishuka kwenye farasi, akaketi kando ya barabara, akajiambia kwamba kama aliyoyaandika ni kweli, basi lazima mtu fulani ayakomeshe. Tarehe 22 Mei 1787 kamati ya kupinga biashara ya watumwa iliundwa katika duka la mchapaji vitabu James Phillips. Wajumbe walikuwa 12, na tisa kati yao walikuwa Marafiki. Mwaka 1807 Bunge la Uingereza lilipiga marufuku biashara hiyo.

Wasomaji waliokuwa waandishi

Litakuwa kosa kubwa kuisimulia habari hii kana kwamba Wazungu walisoma na Waafrika wakasubiri. Olaudah Equiano, aliyeuzwa utotoni, alijifunza kusoma akiwa mtumwa. Mwaka 1766 alijinunua kwa pauni 40. Bwana aliyemwuzia uhuru wake, Robert King, alikuwa mfanyabiashara na Rafiki! Mwaka 1789 Equiano alichapisha simulizi ya maisha yake, na ndani yake akamrejea Benezet kuhusu Guinea. Kitabu hicho kilitoka mara tisa akiwa hai. Inaaminika kwamba ndicho alichokisoma Wesley asubuhi ya tarehe 24 Februari 1791, siku chache kabla ya kufa, alipomwandikia mbunge William Wilberforce barua ya kumtia moyo. Kilichomwumiza mzee huyo ni kusoma kwamba katika makoloni, ushahidi wa mtu Mweusi dhidi ya Mweupe haukuwa na thamani yoyote mahakamani.

Huko Philadelphia nako matunda ya shule yalionekana. Absalom Jones na James Forten walisoma katika shule ya Waafrika aliyoianzisha Benezet. Mji uliposhikwa na homa ya manjano mwaka 1793, watu Weusi waliwauguza wagonjwa na kuzika maiti, kisha mchapaji mmoja akawatuhumu baadhi yao kwa wizi. Mwaka 1794 Jones na mwenzake Richard Allen walichapisha kijitabu cha kumjibu, kwa hesabu na ushahidi. Mwaka 1813 Forten aliandika barua za kupinga mswada wa kuzuia Weusi kuhamia Pennsylvania. Benezet mwenyewe alikwisha fariki mwaka 1784. Mamia ya Waafrika wa mji ule waliandamana katika mazishi yake.

Kitabu kilichokatwa

Waliofaidika na utumwa walifahamu vizuri nguvu ya kusoma. Sheria ya South Carolina ya mwaka 1740 ilitoza faini ya pauni 100 kwa atakayemfundisha mtumwa kuandika. Mwaka 1807, mwaka uleule wa sheria ya Bunge, ilichapishwa mjini London Biblia maalumu kwa ajili ya watumwa wa visiwa vya Karibi. Nakala yake moja imehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Fisk, Marekani. Sehemu tisa kati ya kumi za Agano la Kale hazimo, na karibu nusu ya Agano Jipya imeondolewa. Yusufu anauzwa Misri, lakini Musa hawatoi Waisraeli utumwani. Maneno ya Paulo kwa Wagalatia kwamba katika Kristo hakuna mtumwa wala huru yamefutwa. Agizo la watumwa kuwatii mabwana limebaki. Aliyeikata Biblia hiyo alikuwa msomaji makini. Alijua ni ukurasa gani ungeweza kumzindua nani.

Mipaka ya kuzinduka

Wala Marafiki hawakumaliza safari. Walikataa utumwa, lakini waliendelea kuwabagua Weusi ndani ya nyumba zao za ibada. Mwalimu Sarah Mapps Douglass, aliyeishi kuanzia 1806 hadi 1882, alieleza jinsi yeye na mama yake walivyotengewa benchi la watu Weusi katika mkutano wa Philadelphia, ambako hakuna Mweupe aliyekubali kukaa karibu nao. Jumuiya iliyosoma vitabu vya Benezet ilikuwa imejifunza kumwachia Mwafrika huru. Kuketi naye benchi moja lilikuwa somo jingine.

Hitimisho

Msomaji anaweza kudhani habari hizi ni za mbali. Lakini Marafiki wa Marekani walifungua misheni Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902, na leo Kenya ndiyo nchi yenye Marafiki wengi kuliko zote duniani. Fasihi ya Kiswahili nayo ina kitabu chake katika mlolongo huu: Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichochapishwa mwaka 1934. Mbotela alikuwa mwana wa mtumwa aliyeokolewa baharini, na alikulia katika jumuiya ya Kikristo ya Freretown, karibu na Mombasa. Kitabu hicho kinawasifu mno Waingereza, na hilo limehakikiwa. Lakini mwanafunzi aliyejifunza kwa Benezet hatakitupa kwa sababu hiyo. Atakisoma kwa swali jingine: mwandishi amesema nini, ameogopa kusema nini, na sauti ya baba yake inasikika wapi?

Sisi watu wa lugha tunaweza pia kuanzia kwenye neno lenyewe. Mtumwa na mtume yametokana na kitenzi kimoja, tuma. Mmoja ametumwa na Mungu, mwingine anatumwa na bwana wake. Somo zima la sarufi na historia linaweza kujengwa juu ya maneno hayo mawili.

Kwa hiyo namjibu mwanafunzi wangu hivi. Kusoma peke yake hakukuwasaidia wale waliowauza babu zetu, kama kusivyomsaidia Patrick Henry. Kulisaidia pale msomaji alipovuka mambo matatu: aliposoma kwa swali la haki, aliposoma ndani ya jumuiya iliyokubali kuulizana, na aliposhuka kwenye farasi akatenda. Na kulisaidia zaidi pale yule aliyesomwa habari zake alipopewa kalamu akaandika mwenyewe.

Mwanafunzi huyo sasa amekwisha hitimu, naye anafundisha. Natumaini kuna siku mtoto atamnyoshea mkono na kumwuliza swali gumu kama lile, na kengele isimwokoe.